Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua printa ya lateksi kwa duka la mabango na stika

Swali linakuja kila mara na linakuja vilevile: "wakuu nina mtaji kidogo, nataka printa ya lateksi, ninunue ipi?" Watu wanamtajia jina la mashine, jamaa anaenda kununua, baada ya miezi kadhaa unaikuta imefunikwa turubai kwenye kona na yeye karudi kupeleka kazi kwa jirani mwenye printa ya solventi (wino wa kemikali kali, wakati lateksi ni wino wa maji unaokaushwa kwa joto). Tatizo ni kwamba alianza na jina, na jina ndio kitu cha mwisho kabisa. Kabla yake kuna kazi ulizonazo, umeme wa mtaa wako, bei ya wino ukishafika mkononi kwako na fundi anayefika ukimpigia simu. Ukipita hatua hizi kwa mpangilio utajikuta zimebaki mashine moja au mbili tu za kuchagua, na hapo hata kama wewe sio mtu wa mashine hutapotea.

Mifano ya hela nimeweka kwa shilingi ya Tanzania, wa Kenya na Uganda mtabadilisha, hesabu ni ileile.

## Andaa hivi kwanza

- Oda au risiti zako za miezi mitatu iliyopita. Kama ziko kwenye WhatsApp zitoe huko uziandike kwenye karatasi
- Fundi umeme mwenye leseni na kipima voltiji chake
- Vipande vya material unayotumia kweli kila siku: stika, fleksi (turubai la mabango), stika ya matundu ya vioo vya magari, kanvasi. Kila kimoja mita kumi hivi, kiwe na upana kamili wa roli
- Flashi yenye mafaili yako mwenyewe ya kazi za wateja
- Futi ya kupimia (ya chuma, sio ya fundi cherehani, ile inavutika)
- Proforma za wauzaji wawili au zaidi, ziwe na bei ya mashine, wino, hedi (vichwa vinavyorusha wino) na ufungaji, kila kitu mstari wake
- Kikokotoo au Excel

Kama huna hivi usianze kutembelea maduka ya mashine, maana utakachoondoka nacho ni maneno ya muuzaji tu.

## Hatua ya 1: Chambua oda zako

Gawa kazi za miezi mitatu kwenye mafungu. Mabango ya fleksi ya bei ya mtaani, stika za kawaida, branding ya magari, stika za vioo vya ofisi, karatasi za ukutani na kanvasi, laitiboksi. Kila fungu andika skwea mita ngapi na hela ngapi ulibaki nayo baada ya kutoa material. Usiandike mauzo, andika ulichobaki nacho.

Kwa nini tunaanzia hapa? Kwa sababu lateksi inapendelea baadhi ya kazi na nyingine inazionea. Mtu ambaye hela yake kubwa inatoka kwenye fleksi ya bei ya chini na mtu anayeishi kwa stika za magari hawawezi kununua mashine moja, hata kama wana mtaji sawa na wako jengo moja.

Onyo: kazi za kampeni za uchaguzi ziweke pembeni kabisa. Msimu ule unachapa fleksi usiku na mchana halafu unaisha, na ukiziingiza kwenye hesabu zinakudanganya kwamba hiyo ndio biashara yako.

Ukimaliza vizuri unakuwa na karatasi moja inayosema, kwa mfano, "nachapa skwea mita 300 kwa mwezi, nyingi ni fleksi lakini faida kubwa inatoka kwenye stika". Hiyo karatasi tembea nayo.

## Hatua ya 2: Amua kama lateksi ni yako kweli

Wino wa lateksi ni wa maji, ndani yake kuna chembe ndogo sana za plastiki. Mashine inachapa, halafu material inapita kwenye joto kali, maji yanakauka na zile chembe zinashikana kuwa ngozi nyembamba juu ya material. Uzuri mwingi wa mashine hii na ubaya wake mwingi unatoka kwenye hilo joto, lielewe na mengine yatakuwa rahisi.

Uzuri: kazi inatoka imekauka. Unaitoa kwenye mashine unaipeleka kwenye laminesheni (ngozi ya plastiki ya kulinda picha) muda huohuo. Solventi na eko-solventi (solventi iliyopunguzwa ukali) zinataka ziachwe zipumue, siku nzima au zaidi, la sivyo mvuke unabaki chini ya laminesheni, stika inafanya mapovu na gundi inalegea. Mteja wa gari anayesema "nalitaka leo jioni" kwa lateksi unamhudumia. Pili haina harufu kali, kwa hiyo kazi za hospitali, vyumba vya hoteli na madarasa unafunga leo na watu wanaingia leo. Na wewe mwenyewe na vijana wako hamshindi mnavuta mvuke wa solventi kwenye chumba kisicho na dirisha. Hili watu wanalichukulia kirahisi sana, mimi silichukulii kirahisi, hizo fremu za ndani kule Kariakoo na River Road vijana wanakaa humo masaa kumi.

Ubaya: inakula umeme, haipendi material nyembamba za bei rahisi, na wino wake ni ghali.

Msimamo wangu ni huu, kama zaidi ya nusu ya faida yako inatoka kwenye fleksi ya bei ya mtaani, lateksi acha kwa sasa. Tafuta solventi ya upana wa mita 3.2 au eko-solventi ya hedi za Epson, utapumua vizuri. Kama faida inatoka kwenye stika, magari, vioo na kazi za ndani, endelea kusoma.

Usijifunge kwa HP peke yake pia. HP ndio wengi tunaowajua, ila Ricoh nao wana lateksi zao, na kuna wino wa rezini ambao ni ndugu wa karibu (wa maji, unakaushwa kwa joto), upo kwenye familia ya Epson SureColor R5000 na Roland TrueVIS AP-640. Ziweke zote kwenye karatasi, hatua zinazofuata zitazichuja.

## Hatua ya 3: Upana na uzito wa roli

Lateksi za duka la kawaida ziko saizi mbili, inchi 54 ambayo ni mita 1.37 na inchi 64 ambayo ni mita 1.6 na kidogo. Watu wanachukua ndogo kwa sababu ya bei halafu wanagundua material zao nyingi ni mita 1.52. Angalia roli zinazouzwa mtaani kwako zina upana gani, ndio uamue.

Halafu uzito. Hapa ndio wengi hawaangalii kabisa. Uzito wa roli unaupata hivi: upana mara urefu mara gramu za material, gawa kwa 1,000. Fleksi ya gramu 440 yenye upana wa mita 1.37 na urefu wa mita 50:

1.37 × 50 × 440 ÷ 1,000 = kilo 30

Na bado hujaweka bomba la karatasi la katikati. Sasa HP Latex 310 kikomo chake cha roli ni kilo 25, wakati 330 na 360 zinabeba hadi 42. Yaani ile ndogo roli nzima ya fleksi ya 440 kwa kikomo hicho haibebi. Wengine wanaipandisha hivyohivyo, mashine haigomi siku hiyo, ila ulishaji unaanza kuyumba na unaona mistari ya kukatakata kwenye rangi moja iliyojaa, halafu wanalaumu hedi.

Kama unachapa material ya matundu isiyo na karatasi ya nyuma, uliza kama mashine ina kikusanya wino chini yake. Isipokuwa nacho wino unapita kwenye matundu unachafua bamba la chini.

## Hatua ya 4: Umeme na chumba

Hii hatua usiiruke hata kama umeme wa kwako ni mzuri.

Mashine hizi zinataka volti 200 hadi 240, na zikiwa zinachapa zinakula kuanzia kama kilowati 2 na kitu kwa ndogo, kubwa zinapita 3. Soma karatasi ya mashine yenyewe, usikubali "inatumia kawaida tu". Mfululizo wa HP 300 (hizo 310, 330 na 360) una nyaya mbili za umeme kwenye mashine moja, na kila waya unatakiwa uende kwenye laini yake yenye breka yake. Zikichomekwa zote kwenye ekstensheni moja, soketi inaungua. Ni suala la muda tu.

Mwambie fundi afanye haya:

1. Apime voltiji mchana na apime tena saa moja usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu. Apime huku kuna mzigo mkubwa umewashwa dukani, pasi au jagi la kuchemshia maji, maana voltiji bila mzigo inaonekana nzuri siku zote
2. Avute laini mbili mpya kutoka kwenye bodi, waya wa kutosha mzigo huo, kila moja na breka yake
3. Apime ethi. Majengo mengi ya zamani ethi ni jina tu, na bila ethi material inajaa umemetuamo, inavuta vumbi na kunyanyuka
4. Akupigie hesabu ya stebilaiza kwa mzigo wa mashine nzima kwa wakati mmoja, halafu aongeze nafasi ya ziada

Kuhusu UPS: ile ndogo ya kompyuta haibebi hita. Tumia UPS kwa kompyuta ya RIP (programu inayoandaa faili lako na kulituma kwenye mashine), mashine itegemee stebilaiza na jenereta. Umeme ukikatika katikati ya kazi vitu viwili vinatokea, material inabaki imekaa kwenye sehemu ya joto na inakunjamana, na hedi zinabaki nje bila kufunikwa zinaanza kukauka. Kwa hiyo kijana wa mashine ajue: umeme ukikatika, fungua, toa material kwenye sehemu ya joto, washa jenereta, subiri itulie ndio urudishe mashine.

Hesabu ya tokeni ni rahisi. Kilowati 2.5 kwa masaa 6 ni uniti 15 kwa siku, siku 26 za kazi ni uniti 390 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe. Halafu ongeza kiyoyozi, na kiyoyozi sio anasa hapa. Mfululizo wa 300 unataka chumba kisizidi nyuzi 30 na unyevu usizidi asilimia 80. Dar na Mombasa mwezi wa pili mchana nje peke yake imeshapita 30, na mashine yenyewe inatema joto ndani ya chumba kama oveni. Nairobi na Arusha mna nafuu kwa hilo.

Mwisho pima mlango na ngazi. Mashine ya inchi 64 ina urefu wa karibu mita 2.6 na uzito wa karibu kilo 200. Ghorofa ya tatu bila lifti ya mizigo, fikiria upya.

Umefanikiwa kama fundi amekuandikia karatasi yenye voltiji ya mchana na usiku, laini mbili zimewekwa alama kwenye bodi, na unajua mashine itapitia wapi kuingia.

## Hatua ya 5: Hesabu ya wino kwa skwea mita

Muuzaji atakuambia bei ya mashine. Wewe muulize bei ya katriji, ujazo wake, bei ya hedi na bei ya katriji ya usafi (ile ya kusafishia hedi), vyote vikiwa stoo kwake leo na sio vya kuagiza.

Kwa kazi ya rangi za kutosha anza na makadirio ya ml 10 hadi 12 kwa skwea mita. Kazi yenye nyeusi au nyekundu imejaa itapanda, kazi ya maandishi kwenye nyeupe itashuka, utapima mwenyewe baadaye.

Tuseme katriji ya ml 775 unaipata kwa laki nne. Hapo ml moja ni kama shilingi 516, mara 11 ni karibu 5,700 kwa skwea mita. Tuseme tena wino wa eko-solventi lita ni 60,000, ml moja ni 60, mara 11 ni 660. Umeona tofauti.

Sasa iweke kwenye kazi mbili:

Fleksi unayouza 10,000 kwa skwea mita: material tuseme 2,500, wino 5,700. Umebaki na 1,800 kabla ya umeme, hedi, kodi ya fremu na mshahara. Hiyo ni hasara.

Stika yenye laminesheni unayouza 30,000: stika 6,000, laminesheni 4,000, wino 5,700. Umebaki na 14,300. Hapo kuna biashara.

Bei hizo ni za mfano, weka za kwako, ila sijaona duka ambalo picha hiyo inageuka juu chini. Lateksi haikuja kupigana bei na fleksi ya mtaani.

Vitu ambavyo watu wanasahau kuhesabu: kwenye HP kuna katriji ya saba isiyo na rangi, inayoitwa optimaiza, kazi yake kuzuia rangi zisivujiane, nayo inaisha na inanunuliwa. Na hedi: kwenye mfululizo wa 300 ziko sita, unabadilisha mwenyewe bila fundi, hilo ni jambo zuri sana, lakini ni matumizi ya kawaida kama wino kwa hiyo weka fungu lake kwenye kila skwea mita.

Onyo la wino wa bei poa: mashine inasoma chipu ya katriji, sio kila katriji utakayoipata itakubaliwa. Na angalia tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye boksi kabla ya kulipa, wino uliokaa kwenye kontena la moto miezi na miezi ndio huo unaouzwa "ofa".

## Hatua ya 6: Spidi

Hapa fupi tu. Namba kubwa kwenye tangazo ni ya hali ya haraka kabisa ambayo mteja wa stika hataikubali. HP Latex 360 ilitangazwa na skwea mita 91 kwa saa, hiyo ni hali ya mabango makubwa ya kuangaliwa kwa mbali. Kwa ubora wa ndani, mashine hiyohiyo ni 17 kwa saa. Skwea mita 100 kwa ile ya kwanza ni saa moja na dakika kidogo, kwa ya pili ni karibu masaa sita. Panga kazi zako kwa namba ya pili, na ongeza muda wa mashine kupata moto asubuhi.

## Hatua ya 7: Mpya au used

Used kutoka Ulaya na Dubai ziko nyingi na bei inavutia. Sikatazi, ila kaa mbali na zile za kizazi cha kwanza kama L25500, zinataka joto zaidi kwa hiyo material zetu za bei rahisi zinakunjamana zaidi, na spea zinazidi kuwa adimu. Anzia mfululizo wa 300 kwenda juu.

Ukienda kuiona nenda bila kutoa taarifa ya saa, ili uikute haijasafishwa hedi asubuhi hiyo kwa ajili yako. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Halafu:

- Chapa ripoti ya matumizi, uone imeshachapa kiasi gani
- Chapa kipimo cha nozeli (vitundu vya hedi vinavyotoa wino). Mistari iliyokatika mingi kwenye rangi moja ni hedi, hiyo unabadilisha, sio mwisho wa dunia. Rangi ileile ikiendelea kukatika hata baada ya kubadilisha hedi ni mfumo wa wino wenyewe, ondoka
- Chapa kijivu kilichojaa upana wote wa mashine, mita mbili. Pitisha kidole kuanzia kushoto hadi kulia, wino ukiwa umekauka kushoto na kulia unanata, hita au feni ina tatizo
- Sikiliza gari la hedi (kibebeo kinachozipeleka huku na huku) likitembea, lisikwaruze wala kugonga mwishoni
- Fungua orodha ya makosa ya mashine, ipige picha, mtumie fundi wako kabla hujataja bei

Video ya muuzaji haihesabiki. Na kama huna fundi hapa nchini anayeijua modeli hiyo, used isiyo na fundi usinunue kwa bei yoyote.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa material zako

Hii ndio hatua inayookoa hela nyingi kuliko zote, na ndio inayorukwa. Sampuli za muuzaji zimechapwa kwenye material ghali na faili lililochaguliwa. Wewe nenda na roli zako na flashi yako.

Anza na stika ya bei rahisi zaidi unayouza. Simama upande inakotokea uangalie, ikianza kufanya mawimbi kwenye joto ni dalili mbaya, ikinyanyuka hedi inaigonga na hapo unaharibu hedi na kazi. Mwambie fundi ashushe joto na aongeze idadi ya kupita (mara ambazo hedi inapita juu ya sehemu moja). Ikikubali andika namba hizo. Ikikataa kabisa basi ujue bei yako ya stika itapanda maana utabadilisha material, rudi hatua ya 5 upige hesabu upya.

Halafu kipimo cha urefu, hiki ni cha lazima kwa wanaofunga kuta na magari makubwa. Chapa vipande viwili vya mita 3 vya picha moja iliyogawanywa katikati. Vilaze sakafuni uviunganishe. Joto linavuta au kusinyaza material, na kama kipande kimoja kimezidi kingine kwa milimita kadhaa, uso wa mtu ukutani utakuwa umekatika pua. Tofauti ya kuzidi milimita mbili tatu kwenye mita 3 mimi siikubali. Hiyohiyo ndio inayofanya plota (mashine ya kukata stika) ikate stika nje ya mstari.

Vipimo vingine vya haraka:

- Kwaruza kwa kucha baada ya dakika tano. Bila laminesheni alama kidogo itakuwepo, ila wino usibanduke kama maganda
- Sugua na kitambaa chenye spiriti
- Bandika selotepu, ibandue kwa nguvu, angalia kama imeondoka na rangi
- Kunja fleksi mara nne, ikunjue, angalia mikunjo kama imepasuka
- Pitisha kwenye laminesheni palepale, rudi nayo nyumbani, iache juani kwenye bati wiki nzima
- Soma herufi ndogo kabisa kwenye faili lako ukiwa umeishika mkononi

Kuhusu kudumu nje, HP wanasema hadi miaka 3 bila laminesheni na hadi 5 ikiwa na laminesheni. Hilo neno "hadi" lichukulie kwa uzito. Jua la huku na bonet ya gari iliyolala chali kwa jua mchana kutwa sio sawa na ukuta uliosimama wima. Mteja mpe muda mfupi kuliko huo, na kwenye magari weka laminesheni bila mjadala.

Umefanikiwa kama una rundo la vipande, kila kimoja kimeandikwa nyuma jina la material, joto na idadi ya kupita.

## Hatua ya 9: Bei ya mlangoni na karatasi

Bei uliyotajiwa iwe ya mashine ikiwa imefungwa dukani kwako na inachapa. Ukiagiza mwenyewe kumbuka usafiri, bima, ushuru, VAT (asilimia 18 Tanzania bara, 16 Kenya) na ukaguzi wa viwango wa TBS au KEBS. Ongea na wakala wa forodha kabla ya kutuma hela, sio mzigo ukiwa bandarini unalipia kukaa.

Kwenye mkataba yaandikwe haya kwa maneno yanayoeleweka: nani anafunga, mafunzo siku ngapi na kwa watu wangapi, fundi anafika baada ya siku ngapi ukiita, garantii inafunika nini na hedi zimo au hazimo, na programu ya RIP imejumuishwa au unanunua. Aliyezoea RIP ya Maintop kwenye mashine za kichina asidhani itafanya kazi hapa.

Mpigie simu mteja wa zamani wa huyo muuzaji umuulize swali moja tu: mara ya mwisho mashine iliposimama, fundi alifika baada ya muda gani. Jibu hilo lina thamani kuliko punguzo la milioni.

Ukikopa, marejesho yapimwe na mwezi wako mbaya zaidi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1. Na kabla mashine haijafika uwe na seti moja kamili ya wino, hedi mbili za akiba na katriji moja ya usafi.

## Hatua ya 10: Wiki za kwanza

Usizime mashine ukutani ukifunga duka. Iache kwenye usingizi, inajisafisha hedi yenyewe kwa muda wake, na umeme inaokula hapo ni kidogo. Maduka yanayozima bodi kila Jumamosi jioni ndio hayohayo yanayonunua hedi kila mara.

Kila material ipewe profaili yake (mipangilio yake ya joto, wino na rangi), usichape kila kitu kwa profaili ya stika. Anza na joto la chini linalokausha, usianze na la juu kabisa, ukiona wino unanata ongeza kidogokidogo.

Weka daftari karibu na mashine: tarehe, skwea mita, katriji gani imebadilishwa. Baada ya mwezi gawa wino ulioisha kwa skwea mita ulizochapa, upate ml yako halisi badala ya ile 11 ya kukisia, halafu urekebishe orodha ya bei. Na mteja akija na fleksi ya bei ya mtaani usimfukuze, mpokee, peleka kazi kwa mwenye solventi uchukue chako kidogo cha juu, mashine yako ibaki inachapa stika.